Bomba Halidanganyi

Kwenye dirisha la jikoni kwetu palikuwa na chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, na ndani yake donge la mafuta, gumu, rangi ya mshumaa uliokaa sana, ambalo lilikuwa bado na umbo la kona ya bomba lilikotolewa. Wageni walidhani ni sabuni. Baba aliwaacha wadhani hivyo mpaka waanze kunywa chai, ndipo akawaambia ni nini. Alipenda sana kuona vikombe vikirudi mezani.

Baba alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Mzee Bomba. Kazi yake hasa ilikuwa kuzibua masinki ya jikoni, ya mahoteli, ya shule za bweni, ya kambi za wafanyakazi, kazi ambayo mafundi wengine waliikimbia kwa sababu ya harufu. Aliingiza waya wake mrefu kwenye bomba, akafumba macho, akainamisha kichwa, na vidole vyake vikamwambia kilichomo ndani: nywele, mchanga, kijiko, mafuta. Hakukosea. Na hapo ndipo penye shida ya kuishi na mtu wa namna hiyo, maana ukimwambia amekosea jambo la leo, anakutajia yote aliyopatia tangu ujana wake.

Mimi ni kitinda mimba wake, na Kitinda ndilo jina aliloniita. Nilirudi nyumbani ndoa iliponishinda. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na Baba alikuwa akiishi peke yake kwa chai na mikate. Alinipokea mlangoni, akanitua cherehani niliyojitwisha, akasema, "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Karibu, ng'ombe wangu. Ila ujue zizi hili lina jiko." Nilicheka huku nalia. Nikaiweka cherehani barazani, mchana nikashona nguo za watu, asubuhi na jioni nikapika, na tukaishi kwa raha zetu mpaka Spana alipokufa.

Spana alikuwa fundi mwenzake tangu enzi zile, mtu wa mwili na wa mizaha, sigara haimtoki mdomoni, na chakula kisichokaangwa alikiita dawa. Siku hiyo walikuwa chini ya sinki la hoteli, Baba anavuta waya, Spana ameshika ndoo. Likatoka lile donge. Spana akalitazama, akasema, "Hilo ni jamaa yangu kabisa, tumefanana," wakacheka wote wawili, na akiwa bado anacheka akajishika kifua na kukaa kwenye maji machafu.

Hospitalini daktari alituambia kwamba mshipa wa moyo uliziba kwa mafuta. Nilikuwepo. Baba alikuwa amesimama kwenye korido na buti zake, na mkononi bado ameshika ile ndoo, kwa kuwa tangu hotelini hakuna aliyekumbuka kumwambia aiweke chini. Akainamisha kichwa, akachungulia ndani ya ndoo. Nilimwona akichungulia, na sikujua kwamba pale pale, mbele ya macho yangu, mambo mawili yalikuwa yanaunganishwa na kukazwa kwa spana.

Jioni ile jiko letu lilipekuliwa. Chupa ya mafuta ya kupikia ikatoka, siagi ikatoka, karanga zikatoka, maziwa, mayai, na parachichi nililokuwa nimelinunua asubuhi na lilikuwa limeiva vizuri mno. Hata samaki alirudishwa kwa jirani kwa kosa la kung'aa. Donge likaingia kwenye chupa, chupa ikapanda dirishani.

"Mwili ni nyumba, Kitinda," akaniambia. "Mishipa ni mabomba. Kazi hii nimeifanya kabla wewe hujazaliwa."

"Baba, Spana alikuwa anavuta sigara kama treni."

"Sigara ni moshi. Moshi unaziba bomba?"

 Mtu aliyetoka kumpoteza rafiki yake humbishii. Nikasema moyoni, yatapita.

Hayakupita. Mboga nikazichemsha kwa maji na chumvi, maharage kwa maji na chumvi, wali kwa maji na chumvi, na kila tukimaliza kula Baba alibaki ameshika tumbo akitazama sahani kama mtu aliyeahidiwa jambo. Chakula kile hakikai. Baada ya muda mfupi njaa inarudi, na Baba akaipatia njaa yake sukari. Chai akaifanya nzito kwa sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Mkate akaupaka jemu. Akaanza soda, chupa moja kwa chakula, kisha na nyingine ya kusindikiza. Na sukari nayo ilikuwa na hoja yake ya kifundi: inayeyuka. "Sijawahi kuitwa kuzibua sinki lililozibwa na sukari," alisema. "Hata mara moja."

Mama Duka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alimwagizia biskuti ambazo pakiti yake imeandikwa kwa herufi kubwa: HAZINA MAFUTA. Baba aliisoma pakiti ile kwa heshima, miwani imeshuka puani. Nyuma ya pakiti palikuwa na maandishi madogo, na la kwanza kabisa katika vilivyomo lilikuwa sukari. Nilimsomea.

"Nimesikia," akajibu. "Imeandikwa pia hazina mafuta. Wewe mbona unasoma mgongoni?"

Mwanzoni tumbo lilipungua, na kwa kweli lilimpendeza. Nilizipunguza suruali zake kiunoni. Watu wakamsifu barabarani. "Mzee Bomba, umerudi kijana! Tuambie siri." Naye akawaambia, tena na chupa akawatolea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaka yangu, anayeishi mbali na hutupigia simu Jumapili, alisema mzee ana nidhamu kuliko sisi sote, na alipokuja kututembelea alileta maboksi ya juisi kwa sababu juisi, alisema, ni matunda. Nikapunguza suruali tena. Kisha tena. Mara ya mwisho mifuko miwili ya nyuma ilikaribia kugusana, nikakaa na ile suruali mapajani nisiweze kuendelea kushona. Nilikuwa naogopa. Baba yangu alikuwa anaisha ndani ya nguo zake, na mimi ndiye niliyekuwa namfuata nyuma na sindano.

Hapo mtaani pana zahanati ndogo, na nesi wake sare zake nilizishona mimi. Nilimweleza. Akasema atakuja kuchukua sare yake jioni, Baba akiwa barazani, ili isionekane tumempangia. Alipofika, Baba alikuwa na soda mkononi, Mama Duka yuko kwenye mkeka, na wazee wengine wawili wa jirani kwenye benchi.

"Shikamoo, Mzee Bomba."

"Marahaba, binti. Sindano umeiacha wapi?"

"Leo sikuja nayo. Nasikia umeacha mafuta kabisa."

"Kabisa. Hata kichwani sipaki," akasema, akajipapasa upara wake. Wakacheka.

Nesi naye akacheka, kisha akaanza vizuri. Akamwambia kupunguza vya kukaanga ni jambo jema na anampongeza. Lakini mafuta si kitu kimoja. Ya karanga, ya parachichi, ya samaki, tone la mafuta ya mimea kwenye mboga, hayo mwili unayataka. Kuna vitamini ambazo bila mafuta hupita tu zikaenda zake. Na kinachomtia hofu, akasema, ni hiyo soda, na hiyo chai, na hizo biskuti, na mzee anavyokonda.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri sana, ndiyo iliyokuwa silaha yake. Kisha akasema, "Kitinda, niletee glasi mbili, maji ya moto, sukari, na ile chupa."

Nilijua kinachokuja, nikavileta hivyo hivyo. Ningefanya nini?

Akamimina maji kwenye glasi zote mbili. Kwenye ya kwanza akatia sukari, kijiko juu ya kijiko, akakoroga. Maji yakarudi kuwa meupe. Akaiinua juu kwenye mwanga, akaizungusha wote waone. "Sukari iko wapi?" Kwenye ya pili akatia chembe aliyoikwangua kwenye donge. Ikalegea, ikaelea, ikashika ukingo wa glasi, ikashika kijiko, na alipokitoa kijiko kilikuwa kimevaa koti jeupe. "Haya, binti. Wewe ndiye mtaalamu. Ipi itaziba?"

"Mzee, tumbo si sinki," Nesi akasema. "Mafuta unayokula yanavunjwavunjwa kwanza, hayaendi kujibandika kwenye mshipa jinsi yalivyo. Na sukari usiione imepotea. Imo humo humo kwenye maji. Kwenye damu nayo ni hivyo, na ikizidi inaharibu mishipa yenyewe, kimya kimya."

"Kimya kimya!" Baba akawageukia wenzake. "Haionekani, haishikiki, haizibi, lakini inaharibu. Hayo ni mambo ya wachawi, binti, si ya hospitali." Wazee wakapiga magoti yao kwa kicheko. Kisha akamuuliza kwa upole, kama anayemsaidia, "Umewahi kuzibua sinki, mwanangu?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Mama Duka alipiga makofi. Nesi alimwomba aje kupima damu tu, tone moja, bure. Baba akasema fundi hafungui bomba linalopitisha maji.

Nilimsindikiza Nesi mpaka getini nikiwa na hasira hata naona giza. Yeye hakukasirika. "Maelezo yangu ni marefu," akaniambia, "na yake ni glasi mbili. Nitamshindaje?" Akanishika mkono, akaniambia nimwangalie Baba. Kama ana kiu isiyokatika. Kama anakwenda haja ndogo kila mara. Kama macho yanafifia, kama miguu inakufa ganzi. Nilimwitikia kwa kichwa. Jagi la maji lilikuwa limehamia chumbani kwa Baba siku nyingi. Mlango wa choo ulikuwa haupumziki.

Nilimwambia yote asubuhi yake, wakati anafunga mkoba wa vifaa. Nilimwambia kama mtoto anavyomwambia mzazi, taratibu, nimekaa chini. Yeye akafurahi.

"Naingiza maji mengi, natoa maji mengi. Ulitaka yabaki humo? Hivyo ndivyo bomba safi linavyofanya kazi."

"Na kukonda?"

"Mafuta ya zamani hayo, yanasafishika."

"Na ganzi, Baba? Miguu?"

Akawaza kidogo. "Unajua ile miguu iliyokuwa inaniwaka jioni? Siku hizi imetulia kabisa. Siisikii hata." Akasema hivyo kwa uso wa shukrani.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila dalili ya ugonjwa niliyompelekea aliipokea kama cheti cha kupona. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini Baba alisikia kila neno. Alisikia, akalipeleka kwenye karakana yake kichwani, akalirudisha limekatwa kwa kipimo anachokitaka yeye.

Nikaamua kufanya kwa vitendo. Nikanunua chupa ndogo ya mafuta, nikaificha kwenye kikapu cha vitambaa ambacho Baba hawezi kukigusa kwa kuogopa pini. Kijiko kimoja tu kwenye mboga. Karanga nikazisaga zikawa unga laini, nikaukoroga kwenye mchuzi wa maharage. Siku ya kwanza nilikaa mezani nikimtazama. Baba akala, akaongeza.

"Unaona?" akasema, anakomba sahani kwa mkate. "Ukiacha mafuta, ulimi unarudi. Mboga zenyewe tu hizi, maji na chumvi, lakini sikiliza utamu wake!"

Nilikwenda jikoni nikacheka nimeziba mdomo kwa kanga. Ilikuwa furaha yangu ya kwanza baada ya muda mrefu. Baba alianza kushiba. Biskuti zikawa zinabaki kwenye pakiti, soda ya kusindikiza akaisahau. Sikusema nimemponya, mimi si mjinga, na damu yake ilikuwa bado haijapimwa. Lakini nilianza kupanga kwamba akizoea hivi, akipata nguvu, nitamrudia taratibu kwa habari ya kupima, na huenda akakubali. Nilipanga hivyo nikiwa nashona, na cherehani yenyewe ilikwenda kwa wepesi.

Baba alikuwa na desturi ya kufungua kona ya bomba chini ya sinki letu kila mwisho wa mwezi, hata kama halina tatizo. Wengine mwisho wa mwezi huenda kutembea. Yeye alilala chini ya sinki na tochi. "Watu wanadanganya," alikuwa akisema, "bomba halidanganyi." Nilijua desturi hiyo tangu utotoni na bado sikuifikiria. Niliosha vyombo kila siku kwa maji ya moto na sabuni tele, nikajiona nimeficha kila kitu.

Nilirudi kutoka kupeleka nguo za mteja nikamkuta amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na sahani nyeupe, na juu ya sahani ute mweupe, mdogo, kiasi cha kupaka kucha. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

"Ni kijiko kimoja, Baba. Ulikuwa unashiba. Biskuti uliziacha mwenyewe, sikukulazimisha..."

"Nilikuwa nakusifu mapishi yako."

"Ndiyo, Baba."

"Nakusifu, na wewe unaniangalia naziba."

Nilipiga magoti nikamshika miguu nikaeleza tena, kuhusu Nesi, kuhusu kiu, kuhusu sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho kama kawaida yake. Kisha akainuka akaenda kwa Mama Duka, na tangu siku ile hakula tena kilichotoka mkononi mwangu. Mkate na jemu, chai, soda, biskuti zisizo na mafuta, na zile juisi za Kaka. Kwangu alipokea maji tu, tena kwenye glasi, aione.

Kaka akapiga simu, na haikuwa Jumapili. "Unamtilia mzee mafuta kwa siri? Una akili wewe?"

"Kaka, njoo umpeleke akapime sukari. Wewe atakusikia."

"Mzee yuko sawa. Amekonda, ana nidhamu. Wewe mwache tu, usimpikie kabisa."

Nikamwendea Mama Duka, nikamwomba amnyime zile soda, amwambie zimekwisha. Si mtu mbaya, Mama Duka. Baba alimwekea mabomba ya nyumba nzima mume wake alipofariki, na hajamsahau kwa hilo. "Mimi nimnyime Mzee Bomba soda?" akaniuliza, akiniangalia jinsi watu wanavyomwangalia mtoto aliyempiga mzazi. "Mwanangu, hebu mwogope Mungu." Habari ilikuwa imezagaa mtaani. Wateja wengine waliacha kunywa hata maji kwangu.

Basi nikabaki nashona na kutazama. Jagi la maji likienda chumbani. Mkanda ukitobolewa tundu jipya kwa msumari. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na akili, nilikuwa na Nesi mwisho wa barabara na mashine yake ya kupimia mezani, na vyote hivyo havikuwa na thamani ya kijiko kimoja chenye koti jeupe.

Kisha siku moja Baba akarudi mapema, kazi hajamaliza. Hilo halijawahi kutokea. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, mkoba bado begani.

"Bomba limeninyamazia leo," akasema, akivitazama vidole vyake. "Naingiza waya, sisikii kitu. Kama naingiza kwenye hewa."

Nilikaa karibu naye. Nilimwona Baba anaogopa, na nikathubutu kufikiri kwamba sasa, huenda sasa. Sikusema neno, nikaanza kumvua buti, kwa kuwa hakuweza kuinama vizuri. La kwanza likatoka. La pili nilipolivuta, kitu kikaanguka kwenye sakafu kikabingirika. Ilikuwa nati ya shaba, ya koki. Na nyuma yake ikaja harufu.

Baba akainama akaiokota nati, akaisogeza machoni. "Nilikuwa naitafuta hii," akasema. "Tangu juzi."

Alikuwa amekanyaga nati ile tangu juzi. Soksi ilikuwa imeshikana na nyama. Chini ya unyayo palikuwa na tundu lenye kingo nyeusi.

"Inauma, Baba?"

"Wala. Ingekuwa kitu ingeuma."

Alitaka nimpe utepe wake wa kufungia mabomba aufunge mwenyewe. Nilikimbia kumwita Nesi bila viatu. Safari hii hakumbishia; homa ilikuwa imekwisha kumkalisha kimya. Nesi akamtoboa kidole, akaiweka ile damu kwenye mashine, akasoma, akaifuta, akapima tena. Hakututajia namba. Alisema tu tutafute gari.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Waliotunga hawakusema inakuwaje mkuu mwenyewe asiposikia, na mdogo ndiye anayeona.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Kaka alikuwa amefika. Daktari akaeleza vizuri, kwa lugha nyepesi, nami nilikuwa nafuata kila neno lake moyoni kama dua. Sukari imekuwa juu kwenye damu muda mrefu sana. Imeua hisia za miguu, ndiyo maana mzee hakusikia nati. Imeharibu mishipa ya damu ya mguu huu, mishipa imeziba, damu haifiki kwenye kidonda na dawa haifiki. Mguu usipokatwa, sumu itapanda na kumuua.

Katika maneno yote hayo Baba aliokota moja. Nilimwona akiliokota. Macho yake yaliyofifia yakanitafuta mpaka yakanipata.

"Imeziba," akasema.

"Baba, amesema sukari! Daktari, mwambie tena, tafadhali."

Daktari akamwambia tena. Hapo Kaka akaingilia. "Lakini daktari, mafuta nayo si yanachangia kuziba mishipa?"

Angesema uongo! Siku zote nimefundishwa kusema kweli na siku ile nilimwomba Mungu yule mwanamke adanganye. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake haukuwa mfupi. "Kuna mafuta ambayo yakizidi, ndiyo, yanaweza kuchangia," akasema. "Lakini kwa mzee huyu tatizo ni..."

"Umesikia?" Kaka akaniambia. Daktari akaitwa kitanda cha pili, kulikuwa na mtu anakoroma vibaya, akaenda mbio.

Walimkata mguu chini ya goti. Alipoweza kukaa na kuongea, Mama Duka alikuja kumwona na mfuko wa biskuti na juisi za boksi. Nesi wa wodi alikuwa amekwisha kutuambia visivyoruhusiwa, na Kaka aliitikia kama mimi. Lakini Baba alisema koo limemkauka, na Mama Duka akachoma mrija kwenye boksi kwa mapenzi yake yote, akamnyooshea.

Niliikamata ile juisi kabla haijamfikia. Niliinyakua, kwa kweli, na nyingine ikammwagikia Mama Duka kwenye nguo.

"Hata juisi?" Kaka akasema. Hakupiga kelele, wagonjwa walikuwa wamelala. "Baada ya ulichomfanyia, unamnyima hata juisi?"

Mama Duka akatazama chini. Nilisimama pale na boksi mkononi, nikatafuta neno la kuanzia, na kila neno nililolipata nilikuwa nimekwisha kulisema, barazani, mezani, nikiwa nimepiga magoti.

"Mwacheni," Baba akasema. Akanyoosha mkono, ule wenye vidole visivyosikia, akaupapasa hewani mpaka nikausogelea na wangu. "Kitinda. Usijitese. Ulikuwa unataka chakula kiwe kitamu, najua. Ni kijiko kimoja tu. Mimi baba yako nimekusamehe."

Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu. Hajawahi kunipenda kuliko saa ile, nina hakika. Kaka akanigusa begani nijibu.

"Asante, Baba," nikasema.

Nikaenda na boksi kwenye sinki lililokuwa pembeni mwa wodi, nikaimwaga ile juisi. Nyuma yangu nilisikia mrija mwingine ukichomwa. Juisi ikapita yote kwenye bomba, haikuacha hata alama.